Maua ya Keja Yenye Iko na Mtoi na Paka

Siku hizi Kanairo maua imeingia kwa luku ya keja. Kitambo msee akihama kwa mathee alikuwa anasaka mtungi wa gesi, godoro na redio kubwa. Leo mresh anafungua bedsitter yake ya kwanza Roysambu ama Umoja, na hata kabla apate pazia, ashaweka mmea wa majani kubwa kwa kona na picha ishaenda Insta. Hiyo mimi naidai kabisa. Keja yenye kuna kitu inakua ndani inabamba, hata kama dirisha yako inaangalia ukuta ya ploti ya jirani na jua unaionanga kuanzia saa nne hadi saa sita pekee.

Shida ni venye tunachagua. Tunachagua na macho. Tunafika pale barabarani, tunacheki yenye inatokelezea, tunaomba bei ishuke kidogo, tunaishia. Hatujiulizi kwa hii keja nani anaishi chini, pale kwa sakafu. Na huko chini kuna watu. Kuna kamtoi kameanza kutambaa. Kuna mpwa wako anaachwa kwako wikendi juu dadako ako na shifti. Kuna paka uliokota ndio imalize panya. Kuna kambwa kadogo uliletewa na beshte. Hao hawana haja na picha. Chenye kiko karibu na mdomo, wanakionja.

Na usiseme ni utundu. Mtoi akifika miezi sita hivi, mdomo ndio inamsaidia kujua dunia, na hiyo tabia inaendelea hadi akikaribia miaka mitatu. Anashika, anavuta, anaingiza. Paka inatafuna majani juu ndio asili yake, hata ikiwa imeshiba. Halafu ini ya paka haina nguvu ya kuvunja kemikali fulani zenye ini ya binadamu inamaliza bila stress. Ndio maana kuna vitu wewe unaweza kushika kila siku na paka yako ikilamba tu inaingia kwa ngori kubwa.

Video za majuu zinakushow uweke mmea juu, mbali na mtoi. Hiyo ni ya watu wako na rafu mingi na rumu mingi. Bedsitter haina juu. Kuna kitanda, meko, stuli na ile rafu moja ya sahani. Caretaker mwenyewe hataki kusikia story ya msumari kwa ukuta yake. Na hata ukikubaliwa msumari, ile mimea tunapenda kuninginiza ndio ile inashuka chini pole pole, jani moja baada ya ingine, hadi siku kamtoi kanajifunza kusimama, kananyoosha mkono na kanaifikia. Paka nayo hakuna rafu itaishinda. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama kwa keja kuna mtu wa chini, usitafute mahali pa kuficha sumu, nunua yenye haina sumu. Ziko, ni fiti, na kuna zingine kwao ni hapa hapa kwetu.

Acha nianze na zenye ziko kila mahali. Pita Ngong Road, ama Kiambu Road, ucheki venye wauzaji wamezipanga kwa vumbi, kila moja kwa karatasi nyeusi. Mbele kabisa utapata Money Plant, Dieffenbachia ya madoa nyeupe, Monstera na majani yake ya mashimo, Peace Lily, na ZZ. Zote ni familia moja na sumu yao ni ya aina moja. Ndani ya majani na shina kuna fuwele za kalsiamu oksaleti, zimechongoka mithili ya sindano, ndogo hadi macho haiwezi kuziona. Zinakaa zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya seli spesheli. Jani ikitafunwa, ile seli inapasuka, hizo fuwele zinachomoka na kudunga ulimi, ufizi na koo.

Cheki hiyo kitu kwa karibu. Mtoi wa miezi kumi ameng'ata kipande ya Dieffenbachia, saizi ya kucha ya kidole. Hangoji saa moja ndio uone. Uso inabadilika hapo hapo. Anatoa ulimi nje, analia, mate inaanza kuteremka hadi kwa kifua. Anajaribu kujipangusa na mikono yenye bado iko na maji ya ile jani, sasa mashavu nayo inawasha. Midomo inavimba. Ukimpa titi anakataa, ukimpa chupa anakataa, juu kumeza ndio kunauma zaidi. Mara nyingi inaishia hapo. Maumivu inapungua na masaa, uvimbe unashuka, na mtoi anarudi kuwa sawa. Ule uchungu wenyewe unamfanya ateme haraka, kwa hivyo ni nadra ameze mingi. Lakini uvimbe ukiingia kwa koo, kupumua kunakuwa kazi, na hiyo ni hosi saa hiyo hiyo. Kwa hii familia yote Dieffenbachia ndio kali. Kama ni moja tu utatoa kwa keja leo, toa hiyo.

ZZ nayo wasee wameibebesha story ati inaleta saratani ukiigusa. Hiyo ni jaba. Iko na oksaleti kama wenzake, basi. Na hata ni wa hapa: inamea msituni kuanzia Kenya ikishuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi ndio walianza kuikuza kwa wingi miaka ya 1990, ikazunguka dunia, ikarudi Nairobi ikiwa ndani ya chungu nyeupe na bei imepanda.

Snake Plant, yenye kila ofisi ya Westlands iko nayo, iko na saponini. Paka ama mbwa akiitafuna atatapika na kuharisha, atakaa amechoka, halafu mara nyingi anapona. Aloe vera hivyo hivyo. Najua kuna mathee atateta hapa juu aloe ni dawa kwao. Ile maji nyororo ya katikati unayopaka kwa ngozi si ndio shida. Shida ni utomvu wa njano wenye uko chini ya ganda, huo unaendesha tumbo vibaya, na paka haiwezi kuchagua ng'ate wapi. Aloe ipande nje kwa balkoni kama unayo. Kama huna, ipeleke shags.

Sasa kuna kikosi ingine, na kwa hii sibargain na mtu.

Desert Rose imekuwa fashoni kali. Iko na shina imevimba pale chini na maua ya pinki, na ukiiweka kwa meza inatesa. Jina yake ya kisayansi ni Adenium, na inamea yenyewe kwa maeneo kame ya Kenya. Wawindaji wa jamii kadhaa za Afrika wamekuwa wakichemsha utomvu wake na kuupaka kwa mishale. Hiyo sumu inashika moyo. Oleander, ile ya fensi za mitaa nyingi Nairobi na Mombasa, yenye maua nyeupe, pinki ama nyekundu, ni wa ukoo huo, na sumu iko kila mahali: kwa jani, kwa ua, kwa kijiti, hata kwa moshi ukiichoma. Nimeona watu wakivunja kijiti ya oleander kwa fensi wakaiweka kwa glasi ya maji juu ya meza ya kulia. Maua ni poa, naelewa. Lakini hiyo glasi mtoi akiipata mbele yako, si mate na kulia pekee utaona.

Kalanchoe, kale kadogo ka maua mingi yenye hukuwa karibu na kaunta ya supa, pia iko na sumu ya moyo kwa paka na mbwa. Cycas inaitwa palm na si palm, na mbegu zake zikimezwa na mbwa, hata moja ama mbili, zinaweza kuua ini na mbwa akaenda. Halafu kuna zile zenye watu wanaziita cactus na si cactus: Euphorbia. Ile ya miiba na maua ndogo nyekundu, na mnyaa ile ya vijiti vya kijani bila majani, zote ukivunja zinatoa maziwa nyeupe. Hayo maziwa yakiingia kwa jicho ni noma sana, yanaweza kuharibu jicho yenyewe. Cactus ya ukweli ukiikata mara nyingi inatoa maji ya kawaida, itakudunga na hiyo ni yote.

Na kwa sababu mafundi wa mtaa wanatengeneza shanga na bangili na mbegu za kila aina, acha niseme na hii: mbegu za mbarika, ile mmea wa mafuta ya nyonyo yenye imejaa kando ya mito na ploti zenye hazijajengwa, ziko na madoa poa sana na ndani ziko na risini, sumu mbaya kabisa ya mmea. Mafuta ikikamuliwa vizuri haina hiyo risini. Mbegu iko nayo. Mbegu ikitafunwa, inatoka. Mtoi asiwahi kupewa hiyo kitu achezee.

Paka sasa. Wenye wako na paka wanafaa kukumbuka jina moja hata wakisahau hii ingine yote: lily. Pale City Market, Muindi Mbingu Street, wanakufungia boke ya Valentine na katikati wanaweka lily nyeupe ama za pinki juu zinanukia na zinajaza. Binadamu hana shida nayo kubwa. Paka ikitafuna jani, ikilamba poda ya njano yenye imeanguka kwa manyoya yake, ama ikinywa yale maji ya vase, figo zinaanza kufeli. Siku ya kwanza inatapika na kujificha, unadhani ni tumbo. Siku ya pili ama ya tatu figo zishaenda. Ikifika kwa vet mapema, ndani ya masaa machache, inatapishwa, inawekwa dripu, na iko na chansi poa. Ukingoja uone venye itaamka kesho, hiyo chansi unaichoma. Kwa hivyo kama unampelekea dem maua na unajua ako na paka, mwambie muuzaji atoe lily zote aweke waridi na jabera. Kenya hatukosi waridi. Miiba ndio kitu ya kuangalia pekee, na jabera haina hata hiyo.

Kuna trick ya majina inafaa uishike kabla hujatoa ganji. Peace Lily si lily ya ukweli. Inachoma mdomo, haiui figo. Lucky Bamboo si mwanzi, ni dracaena, na paka inaumwa nayo. Asparagus Fern si fern, na matunda yake nyekundu yanavutia watoi na yanaumiza tumbo. Muuzaji hakudanganyi akiita hivyo, ndio jina alipewa. Mimi hupiga picha ya mmea, natafuta jina yake ya kisayansi kwa simu nikiwa hapo hapo, ndio naanza kubonga bei. Wauzaji wengi wanapenda ukiwauliza. Kuna mmoja wa Kiambu Road nilimuuliza, "Mathee, hii mtoi akiidishi iko fiti?" Akanyamaza kidogo, akapangusa jani na kitambaa yake, akaniambia, "Hiyo achana nayo, mwanangu. Chukua hii," na akanisongezea Spider Plant ya nusu bei. Aliuza rahisi juu alifikiria mtoi. Huyo ndio muuzaji wa kurudia.

Na hiyo Spider Plant ndio naambia kila mtu aanze nayo. Asili yake ni Afrika, haina sumu kwa mtoi, kwa paka wala kwa mbwa, na inavumilia vitu zenye keja zetu ziko nazo: mwanga kidogo, maji ya kukatika, mwenye kusafiri shags wiki mzima. Mizizi yake ni minene na inaweka maji ndani, ndio maana ukisahau kuinywesha haifi. Ikikomaa inatoa vijiti virefu na kwa mwisho wa kila kijiti kuna katoto kako na majani yake na vimizizi vidogo vyeupe vimeanza kuchungulia. Kata hako katoto, kaweke kwa glasi ya maji kwa dirisha, mizizi inashuka hadi unaiona ikijikunja kwa chini ya glasi, halafu unaingiza kwa mchanga. Kwa mwaka moja mmea moja inaweza kujaza keja na bado ugawie mabeste. Paka inapenda kuitafuna sana. Ikikula mingi itatapika majani, lakini haijalishwa sumu.

Halafu kuna African Violet, na hapa nataka watu wa Pwani na Taita wanisikize vizuri. Hii maua ndogo ya zambarau, yenye wazungu wanaikuza kwa dirisha zao dunia mzima na kuifanyia mashindano, kwao ni milima ya Usambara huko Tanzania na misitu ya hapa kwetu. Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa ofisa wa ukoloni huko Tanga, akatuma mbegu kwa babake Ujerumani, na mwaka wa 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaiandika rasmi na kuiita Saintpaulia kwa jina la hiyo familia. Aina moja inamea Mbololo, Taita, na haimei mahali pengine porini. Iko hatarini juu misitu ya Taita imebaki vipande, kwa hivyo usiwahi kuing'oa huko. Nunua yenye imekuzwa kwa kitalu.

Mimi naona ni aibu keja za Nairobi ziko na Monstera ya Mexico kila kona na hakuna mtu ako na hii. Haina sumu kwa mtoi wala kwa mnyama. Ni ndogo, inatosha kwa dirisha ya jikoni. Majani yake iko na manyoya laini, mtoi akiidara anacheka. Inataka mwanga bila jua kali ya moja kwa moja. Maji usimwage kwa majani, itaweka madoa na kuoza. Weka chungu kwa sahani ya maji, iachie dakika ishirini ama thelathini inywe na mizizi, halafu umwage yenye imebaki. Ukitaka kuzaa ingine, vunja jani moja na kijiti chake, chomeka kwa mchanga yenye iko na unyevu, na baada ya wiki kadhaa utaona vimea vidogo vinachomoka pale chini ya hiyo jani.

Zenye ni kubwa na zinajaza kona? Areca Palm, asili yake Madagascar, ni safi kabisa. Parlor Palm pia, na hiyo inavumilia giza kuliko Areca. Boston Fern ni safi na inatesa ikining'inia, shida yake ni moja: inataka unyevu kila wakati, na kama uko mtaa wenye maji inakuja mara moja kwa wiki na unapanga mitungi, fern itakuwa mzigo. Kwa mitaa kama hizo chukua Haworthia ama Echeveria. Hizi ni saizi ya ngumi, zinabeba maji ndani ya majani, unaweza kuzinywesha kila wiki mbili na zitakaa. Haworthia inafanana na aloe kadogo yenye milia nyeupe, na ni rahisi kuchanganya, kwa hivyo cheki jina. Peperomia ni poa. Calathea ni poa na iko na kitu watoi wanapenda: majani yake inajifunga usiku na kufunguka asubuhi. Mtoi wa miaka minne ukimwonyesha hiyo, kila akiamka ataenda kuicheki.

Na kama unataka kitu ya kudishi, bado uko sawa. Mrehani, rosmari na dhania hazina shida kwa paka, mbwa ama mtoi. Sukuma ndani ya gunia, venye wasee wa Kibera wamekuwa wakipanda kwa miaka, ni mmea wa mapambo na pia ni chakula. Kaa chonjo hasa na mbili. Nyanya, majani na shina yake iko na sumu hata kama tunda iko fiti. Na vitunguu za aina zote, hata yale majani ya kijani, zinavunja damu ya paka na mbwa.

Ukishapata mmea safi, bado kazi haijaisha, juu mara mingi chenye kinaumiza mtoi si jani. Ni chungu nzito ya saruji iko kwa stuli ya miguu mitatu, na kamtoi kanajivuta nayo ndio kasimame. Ni zile mawe nyeupe za urembo juu ya mchanga, saizi kamili ya kuziba koo. Ni samadi mbichi. Ni sahani yenye maji imekaa wiki na mbu washataga. Na ni dawa ya wadudu. Hiyo ya mwisho ndio inanitoa usingizi. Watu wananunua dawa imepimwa kidogo kidogo na kumiminwa kwa chupa ya soda, haina lebo, inawekwa chini ya sinki. Mtoi anajua chupa ya soda ni soda. Kwa wadudu wa mimea ya ndani, mara nyingi maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukipangusa majani juu na chini kila baada ya siku chache, inatosha. Chagua mawe kubwa kuliko ngumi ya mtoi ama uache mchanga ikae bila mawe. Na chungu nzito iweke kwa sakafu, si kwa stuli.

Kama ishatokea na mtoi ashatafuna, usimtapishe. Toa vipande kwa mdomo na kidole yako, pangusa ulimi na kitambaa safi yenye iko na maji, nawa mikono yake na uso. Kama ni ile familia ya sindano, maji baridi kidogo ama maziwa baridi inapunguza uchungu. Najua mtaani tunaamini maziwa inamaliza sumu yote. Zii. Kwa oksaleti inatuliza mdomo, kwa oleander ama mbarika haifanyi kitu, na ukiingoja ifanye kazi unapoteza dakika zenye daktari angetumia. Kama utomvu umeingia kwa jicho, mimina maji safi pole pole dakika kumi na tano ama zaidi, hata akipiga nduru, ndio uende. Akivimba koo, akipumua kwa shida, akilegea, akitapika bila kuisha, ama kama unajua ni moja ya zile za moyo, panda chochote chenye kiko karibu, boda, mat, jirani mwenye ndai. Beba kipande cha huo mmea, ama picha yake, na jina. Daktari hawezi kujua ni jani gani kwa kuangalia mtoi pekee, na hiyo picha inaweza kumwokolea saa nzima ya kukisia. Kwa paka ama mbwa ni hivyo hivyo, beba mmea, na usimpe dawa ya binadamu.

Wenye mko na hizo mimea kali tayari kwa keja na mtoi yuko njiani, ama paka inakuja mwezi ujao, msizitupe kwa takataka za ploti. Hapo ndio watoi wa jirani wanachezea. Vaa glavu ama mfuko wa plastiki kwa mkono, hasa kwa Euphorbia na Adenium, funga mmea vizuri, na umpelekee beshte mwenye anaishi solo, ama ofisini kwako kama hakuna mnyama. Andika jina ya mmea kwa karatasi na uigundishe kwa chungu. Halafu ukimkabidhi, muulize kama mpwa wake huwanga anamtembelea wikendi.